Si kila mtoto anayependa gemu ni mraibu

Wazazi wengi hawapendi kusikia hili: mtoto kucheza gemu kila siku, peke yake si ugonjwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linataja dalili tatu za uraibu wa gemu: kushindwa kujizuia, kutanguliza gemu kuliko mambo mengine, na kuendelea kucheza licha ya madhara. Kwa kawaida hali hiyo huonekana kwa angalau miezi 12.

Tena, mwaka 2020 Marekani iliidhinisha gemu moja itumike, kwa maelekezo ya daktari, kuwasaidia watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye tatizo la kukosa umakini.

Hivyo, kabla ya kumnyang'anya simu, jiulize: analala vya kutosha? Anakula? Masomo yanakwendaje? Yakiharibika kwa muda mrefu, mpeleke kwa daktari.