Pwani Yetu na Bustani za Wanyama za Ulaya (2): Vosseler, Kutoka Amani Hadi Hamburg

Katika makala iliyopita tulizungumzia pamba, na jinsi kampuni ya kusokota nyuzi ya Leipzig ilivyofungua shamba Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, mwaka 1907. Leo tumtazame mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwachunguza wadudu waharibifu wa mazao kama hayo, na ambaye mwaka 1909 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Hamburg.

Julius Vosseler alizaliwa Ujerumani mwaka 1861 akasomea elimu ya wanyama. Mwaka 1903 alifika Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walikuwa wameanzisha kituo cha utafiti mwaka uliotangulia. Hakuletwa kukamata simba. Mwaka huo na uliofuata nzige waliivamia Usambara, naye akawafuatilia hatua kwa hatua.

Nzige jike huuchomeka mkia wake ardhini, akataga mayai ndani ya kifuko cha povu linalokauka. Hupita wiki kadhaa, kisha hutoka tunutu wasio na mabawa, wakatembea makundi kwa makundi wakila kila kijani kilicho njiani. Hapo ndipo pa kuwawahi. Wakishaota mabawa, mkulima hana la kufanya ila kupiga madebe na kuwasha moto.

Mambo ya namna hii, pamoja na habari za siafu na za wadudu wa pamba, Vosseler aliyaandika katika jarida la Der Pflanzer. Lilikuwa jarida la Kijerumani kwa ajili ya masetla. Mwananchi aliyelazimishwa kulima pamba, shuruti iliyochangia kuzuka kwa Vita vya Maji Maji mwaka 1905, hakuwa na lake humo. Elimu ilipatikana katika ardhi yake ikampita, na hilo ni dhuluma hata kama mwandishi mwenyewe alikuwa mtu wa bidii.

Hamburg ilimpa cheo kikubwa katika wakati mbaya. Bustani ile ilifunguliwa mwaka 1863, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Alfred Brehm, mwandishi mashuhuri wa habari za wanyama. Lakini mwaka 1907 Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama, alifungua bustani yake pale Stellingen, karibu kabisa na mji. Hagenbeck aliondoa vyuma mbele ya wanyama, akachimba mahandaki, hata mtazamaji akamwona simba kana kwamba hakuna kinachowatenganisha. Watu wakamiminika huko. Vosseler alirithi vizimba vya zamani, kisha ikaja vita ya 1914 na uhaba wa chakula, na baada ya vita fedha ya Ujerumani ikaporomoka. Bustani ilifungwa mwaka 1930. Yeye alifariki mwaka 1933. Mahali pale leo ni bustani ya maua na mapumziko, Planten un Blomen.

Kwa maoni yangu, kazi yake yenye kudumu ni ya Amani. Mwaka 1908 Anton Reichenow wa Berlin alimpa bundi mkubwa wa misitu ya Usambara jina la kitaalamu Bubo vosseleri. Mwaka 1913 Fritz Nieden akamwita kinyonga wa huko, ambaye dume lake lina pembe mbili puani, kwa jina hilohilo la Vosseler. Wote wawili wanategemea msitu, na msitu ukikatwa hawana pa kukimbilia.

Wazee wa Muheza, Korogwe na Pangani ambao baba au babu zao walifanya kazi Amani wakati wa Mjerumani, nawaomba mtuandikie mliyosimuliwa, na majina ya watu hao msiyaache.