Chimbuko la Upinzani katika Muziki wa The Plastic People of the Universe

Kuiita bendi hii ya wapinzani tangu mwanzo ni kutanguliza tokeo mbele ya chanzo. Milan Hlavsa aliiunda jijini Prague mwaka 1968, muda mfupi baada ya majeshi ya Mkataba wa Warsaw kuivamia Chekoslovakia. Iliponyang'anywa kibali cha kazi mwaka 1970, ilianza kupiga muziki wake wa majaribio vijijini na harusini, kwa mialiko ya siri. Nyimbo zenyewe, kwa maoni ya mtafiti, hazikuilenga serikali. Serikali ndiyo iliyojilenga humo: Septemba 1976 mahakama ilimfunga Ivan Jirous, kiongozi wake wa kisanaa, miezi 18, na mpiga saksafoni Vratislav Brabenec miezi 8, kwa kosa la kuvuruga utulivu. Mwandishi wa tamthilia Václav Havel aliifuatilia kesi hiyo. Januari 1977 akawa miongoni mwa wasemaji wa tamko la haki za binadamu, Charta 77.