Marubani, waajiri na mgawo usiohesabiwa hadharani

Kwenye maduara ya Mbogwe, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, mchimbaji hana mshahara. Anashuka shimoni mwezi wa kwanza, wa pili, pengine wa tano, akila ugali wa mwenye duara, mpaka mwamba upatikane. Siku jiwe likitoka, viroba hupangwa chini mbele ya watu wote na mgawo hufanyika hapohapo: vya mwenye leseni, vya mwenye duara, vya wachimbaji. Kila mtu anahesabu kwa macho yake. Hapa Masumbwe nimeshuhudia ugomvi wa kila namna juu ya mgawo, lakini ule mbaya kuliko yote, ule unaofunga duara wiki nzima, huanza pale watu wanapoamka na kuambiwa viroba vimeshahesabiwa usiku na fungu lao liko pale pembeni. Hata kama fungu lenyewe ni halali, hakuna anayeligusa.

Kwa hiyo Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways walipoweka chini zana, sikuona kama ni habari ya mbali. Mgomo ulianza Jumamosi, Novemba 5, saa 12 asubuhi. Chama chao, KALPA, kilikuwa kimetoa notisi ya siku 14 mwezi uliotangulia. Shirika likakimbilia mahakama inayoshughulikia kesi za ajira na kupata zuio, lakini marubani wakagoma hivyohivyo. Uongozi, chini ya Allan Kilavuka, ulikuwa umeshatahadharisha kwamba kila siku ya mgomo ingelitia shirika hasara ya shilingi milioni 300 za Kenya. Jumatatu shirika likatangaza kujitoa katika makubaliano ya kukitambua chama hicho na katika mkataba wa pamoja. Jumanne, Novemba 8, Jaji Anna Mwaure akaamuru marubani wawe kazini ifikapo saa 12 asubuhi ya siku iliyofuata, bila masharti, na akawakataza mabosi kuwasumbua. Wakarudi. Safari nyingi zilikuwa zimefutwa, maelfu ya abiria wamekwama, na kilichowagombanisha kilikuwa bado mezani.

Kilichowagombanisha chenyewe kinaanzia 2020. Korona ilipoingia, ndege zililala uwanjani, na shirika likawaomba wafanyakazi wabebe sehemu ya mzigo. Mishahara ikapunguzwa au kuahirishwa. Mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa akiba wa wafanyakazi ukasimamishwa. Marubani wakakubali, kama mchimbaji anavyokubali kula ugali bila posho akijua mwamba uko mbele. Miaka miwili baadaye abiria walikuwa wamerudi, viti vinajaa, na mchango wa akiba bado umesimama. Walipouliza, waliambiwa shirika halijapona.

Na ni kweli lilikuwa halijapona. Mwaka 2020 Kenya Airways ilipata hasara ya shilingi bilioni 36.2 za Kenya, mwaka 2021 bilioni 15.8, na mwaka wa mgomo hasara ikapanda hadi bilioni 38.3. Msomaji anaweza kudhani tarakimu hizo zinamaliza ubishi: shirika lenye hasara kiasi hicho lilipe nini? Lakini sehemu kubwa ya hasara ya 2022 haikutoka kwenye kurusha ndege. Ilitoka kwenye mikopo ya dola, ambayo ilivimba kadiri shilingi ya Kenya ilivyoporomoka. Rubani aliyeruka na ndege iliyojaa kutoka Nairobi hadi London hakuukopa mkopo ule wala hakushauriwa ulipokopwa. Akiambiwa akiba yake ya uzeeni isubiri mpaka deni lile lipungue, ana haki ya kuuliza ni nani mwingine anayesubiri pamoja naye.

Anayezungumza naye mezani hana jibu la swali hilo. Serikali ya Kenya inamiliki asilimia 48.9 ya hisa za shirika, benki zilizogeuza madeni yao kuwa hisa zina asilimia 38.1, na Air France-KLM asilimia 7.8. Mkurugenzi anayekaa na chama cha marubani anaweza kukubali jambo leo, na kesho Hazina au mabenki wakalikataa. Mchimbaji wa huku anaifahamu hali hiyo: mwenye duara anakuambia yeye hana shida, ila mfadhili bado hajasema. Mfadhili hajawahi kukanyaga duara, lakini neno lake ndilo linaloamua. Mazungumzo mengi ya marubani hukwama hapo. Ukaidi wa waliomo chumbani unachangia, lakini zaidi ni kwamba mwenye kauli ya mwisho hayumo chumbani.

Siku ya pili ya mgomo ule, Jumapili ya Novemba 6, redio za Masumbwe ziliacha habari za Nairobi. Ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa imeanguka Ziwa Victoria ikikaribia uwanja wa Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilibeba watu 43. Walinusurika 24, wengi wao kwa msaada wa wavuvi waliowahi na mitumbwi, na 19 wakafariki, wakiwemo marubani wote wawili. Ajali ile na mgomo ule havikuhusiana hata kidogo, ingawa Kenya Airways ni mwanahisa wa siku nyingi wa Precision Air. Nilikuwa kwenye kibanda cha fundi simu karibu na stendi, na watu waliokuwa wakibishana tangu asubuhi kama marubani wa Kenya wana tamaa walinyamaza kimya. Nakumbuka dereva mmoja wa lori la Rwanda alitoka nje, akakaa kwenye kiti cha gari lake na mlango wazi, akisikiliza redio yake peke yake. Ubishi wa mishahara haukurudi tena siku ile.

Turudi kwenye meza ya mazungumzo, na tuanze na soko la ajira, maana ndilo linalompa rubani nguvu. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya urubani wa biashara hudai saa zipatazo 200 angani, au 150 kwa aliyesoma kozi kamili katika chuo kilichoidhinishwa. Ili awe rubani kiongozi wa ndege kubwa za abiria anahitaji leseni ya juu zaidi, inayodai saa 1,500. Juu ya hapo, kila aina ya ndege ina mafunzo yake: anayerusha Dash 8 haingii kesho kwenye Airbus. Kwa hiyo shirika lenye marubani mia nne haliwezi kuleta wengine mia nne Jumatatu, kama ambavyo mwenye duara angeweza kupata vijana wengine Kahama kufikia jioni. Na mashirika ya Ghuba, yenye fedha na ndege mpya, yanachukua marubani kutoka kila pembe ya dunia. Rubani wa Nairobi au Dar es Salaam anajua mwenzake aliyehamia Doha au Dubai analipwa kiasi gani. Mwajiri naye anajua. Mazungumzo yanayosahau ukweli huo huishia kwa watu kuondoka mmoja mmoja, bila mgomo na bila kelele.

Wenzetu wa nje nao walipitia hayohayo. Julai 2022 marubani wa SAS ya nchi za Skandinavia waligoma siku 15, na shirika likaomba kinga ya mahakama ya Marekani dhidi ya wadai siku moja tu baada ya mgomo kuanza. Kule Delta, Marekani, mazungumzo yaliyosimama kwa sababu ya korona yaliisha Machi 2023 kwa mkataba wa nyongeza ya asilimia 34 katika miaka minne. Mashirika yote mawili yalitoka kwenye korona ileile. Delta ilikuwa na fedha, SAS haikuwa nazo, hilo halina ubishi. Lakini hata penye fedha marubani walisubiri miaka, na hata pasipo fedha mkataba ulipatikana mwishoni, baada ya hasara ambayo ingeweza kuepukwa.

Tanzania tuna sheria nzuri kuhusu hili, na haitajwi inavyostahili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa haki ya kugoma baada ya mgogoro kupitia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa siku 30, kura kupigwa na mwajiri kupewa notisi ya saa 48. Waongoza ndege wamo katika orodha ya huduma muhimu ambazo mgomo umezuiwa. Marubani hawamo. Lakini kifungu ninachokiona kizito kuliko vyote ni cha 70, kinachomtaka mwajiri akipe chama kinachotambuliwa taarifa kinazohitaji ili kiweze kujadiliana kwa maana. Hapo ndipo viroba vinapohesabiwa hadharani. Chama kisichokitumia kifungu hicho kinakwenda mezani kimefungwa kitambaa machoni.

Ukanda huu tuliwahi kuona mwisho wa mgogoro uliokosa hesabu ya wazi na kukosa subira. Oktoba 2007 wafanyakazi wa mgodi wa Bulyanhulu waligoma. Mwajiri akasema mgomo si halali, na mamia wakapoteza kazi. Kesi zikaenda miaka. Wapo watu Kahama na Masumbwe ambao maisha yao yaligeuka siku ile, na watoto wao waliacha shule. Naandika hili kwa sababu mgomo hujadiliwa mara nyingi kama mchezo wa kuvutana kamba. Kwa mtu mwenye familia si mchezo.

Kwetu, Air Tanzania ilianzishwa Machi 1977, baada ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki kuvunjika, ikafufuliwa kwa ndege mpya kuanzia 2016. Kwa mujibu wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.6 mwaka 2022/23 na bilioni 91.8 mwaka 2023/24, na kulala kwa ndege za Airbus A220 zenye matatizo ya injini kulichangia. Ndege zenyewe miaka hiyo hazikuwa mali ya shirika, bali zilikodishwa kutoka wakala wa serikali. Tazama sura iliyojitokeza: mwenye ndege mmoja, mwendeshaji mwingine, injini kwa mtengenezaji ng'ambo, na rubani katikati akiwa na leseni inayotakiwa Doha. Dhahabu yetu inayouzwa nje haiendi Dubai kwa lori. Mtu wa Masumbwe anayedhani mkataba wa rubani haumhusu afikirie hilo.

Kenya Airways ilipata faida ya shilingi bilioni 5.4 mwaka 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, kisha nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara ya bilioni 12.2, ndege zake kubwa kadhaa za Dreamliner zikiwa chini. Mwaka mmoja wa faida haumalizi madai ya miaka mitano, na hasara ya miezi sita haiyafuti.

Kwa wakurugenzi wa mashirika yetu ya ndege na kwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi, ombi langu ni moja. Mkikaa tena, anzeni na karatasi ya hesabu: kila upande unadai nini, tangu mwaka gani, na nani mwenye mamlaka ya kukilipa. Mwenye mamlaka hayo aitwe, akae kwenye kiti chake siku ya kwanza. Asiletewe taarifa jioni ya siku ya notisi.