Maradhi ya Ngano Yanayoweza Kukaa Umri Mzima Bila Kutambuliwa

Yako maradhi yamwingiayo mtu kwa kishindo, na siku ile ile akajijua kuwa ni mgonjwa. Yako na mengine yanayokaa na mtu tangu utotoni, pole pole, hata akayadhania kuwa ni maumbile yake. Tumbo lake hujaa hewa kila alapo, uchovu haumwachi hata akilala usiku kucha, damu yake ni pungufu kila inapopimwa. Naye hujibu tu kwamba ndivyo alivyozaliwa, na kwamba hata mama yake alikuwa hivyo hivyo. Maneno hayo ya mwisho yana uzito kuliko anavyofikiri msemaji.

Ugonjwa tunaoukusudia huitwa siliaki. Chanzo chake ni gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Ndani ya utumbo mwembamba mna vijidole vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula kilichokwisha kumeng'enywa. Kwa mtu mwenye siliaki, gluteni ipitapo hapo huuchochea ulinzi wa mwili ukaushambulia utumbo wenyewe. Vijidole hivyo hufupika, hatimaye hulala kabisa kama nyasi zilizokanyagwa, na chakula hupita bila ya kufyonzwa ipasavyo. Ugonjwa huu hauambukizi. Hutokea kwa wale waliorithi mwelekeo wake, na kwa hiyo miongoni mwa wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa, mtu mmoja katika kila kumi hivi huweza kuwa nao pia. Katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini yakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila mia anao, na wengi wao hawajui.

Kwa nini wasijue? Sehemu ya jibu imo katika historia. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliueleza ugonjwa huu kama alivyouona kwa watoto: mtoto aliyekonda mikono na miguu, tumbo limevimba, choo ni kingi, cheupe na chenye harufu mbaya. Gee alihisi kwamba tiba, kama ipo, itapatikana katika chakula, ila hakujua ni chakula gani. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York aliwalisha watoto hao ndizi, wakapata nafuu, naye akaamini kuwa ndizi ndiyo dawa. Kumbe nafuu ilitokana na mkate ulioondolewa sahanini! Aliyelifumbua fumbo ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa The Hague, Uholanzi, ambaye tangu miaka ya 1930 alikuwa akiishuku ngano. Njaa kali iliyoipata nchi yake katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, ambapo mkate uliadimika mno, ilimzidishia yakini, na katika tasnifu yake ya mwaka 1950 akathibitisha jambo hilo kwa vipimo.

Basi ile picha ya mtoto aliyekonda ikabaki vichwani mwa waganga kwa miaka mingi. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni pembe moja tu. Watu wazima wengi wenye siliaki hawaharishi. Wengine hufunga choo, na baadhi yao ni wanene.

Dalili ambayo kwa maoni yetu yastahili kuangaliwa kuliko zote ni upungufu wa damu usiosikia vidonge. Madini ya chuma hufyonzwa hasa katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, na hapo ndipo siliaki huharibu zaidi. Mgonjwa aweza kumeza vidonge vya chuma mwaka baada ya mwaka, navyo vikapita tu. Ni kweli kwamba katika nchi zetu damu hupunguzwa kwanza na malaria, na safura, na uzazi wa karibu karibu, na mlo hafifu. Hayo ndiyo ya kutafutwa mwanzo. Lakini yakisha kutafutwa na kutibiwa, na damu bado haipandi, haifai kuendelea kumlaumu mgonjwa kwamba hamezi dawa.

Dalili ya pili imo kinywani. Gamba gumu la meno ya kudumu hujengwa katika miaka ya mwanzo ya utoto. Ikiwa siliaki ilikuwapo wakati huo, gamba huweza kutoka na mabaka, mifereji au vishimo, tena kwa namna inayolingana kulia na kushoto, na alama hiyo haifutiki umri wote. Wataalamu wa Finland walilichunguza jambo hili kwa makini katika miaka ya 1980. Msomaji wa Arusha au Moshi asishtuke: kwenye maji yenye floridi nyingi meno huwa na mabaka vile vile, kwa sababu nyingine kabisa.

Ziko na nyingine: kimo kifupi kisichoelezeka, kuchelewa kubalehe, mimba kuharibika mara kwa mara, vidonda vya kinywani visivyokoma, mifupa kuvunjika kwa urahisi, na malengelenge madogo yanayowasha mno viwikoni, magotini na matakoni. Mwenye kisukari kilichoanza utotoni yuko katika hatari zaidi ya wengine. Kila moja katika dalili hizi ina sababu nyingine nyingi. Zinapokutana mbili tatu kwa mtu mmoja, au katika ukoo mmoja, ndipo shaka huwa na msingi.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu tu. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 989 wa Kisaharawi, watu wa Sahara ya Magharibi, na asilimia 5.6 yao walikutwa na siliaki. Mababu zao waliishi zaidi kwa maziwa ya ngamia na tende. Wao wamekulia kwenye ngano.

Upimaji huanza kwa damu, ambamo hutafutwa kingamwili maalumu, na kwa kawaida mtu mzima huthibitishwa kwa kuchukuliwa kipande kidogo cha utumbo na kukitazama kwa hadubini. Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Anayejishuku asiache mkate na chapati kabla ya kupimwa, maana utumbo huanza kupona na kipimo huweza kutoonyesha kitu.

Tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Kwa mtu wa Ulaya hilo ni zito. Kwetu ugali wa mahindi, mtama, ulezi, wali, muhogo na ndizi vyote ni salama. Chapati, maandazi, tambi na bia ya shayiri ndivyo vya kuepukwa. Na unga wa mahindi wenyewe, kama haukusagwa nyumbani, mgonjwa aulize kwanza kama mashine ile husaga na ngano.