Aspirini Inaponuka Siki

Huko Homa Bay na Migori, penye joto na unyevu wa ziwa, afunguaye chupa ya aspirini iliyokaa siku nyingi huenda akasikia harufu ya siki. Harufu hiyo si ya bure. Aspirini, ambayo Felix Hoffmann aliitengeneza ikiwa safi huko Ujerumani mwaka 1897, hupatikana kwa kuunga asidi ya salisili na kiini cha siki. Ikipata maji, viwili hivyo huachana. Mwalimu wa sayansi aweza kuwaonyesha wanafunzi: atie tone la kloridi ya chuma katika maji ya kidonge kilichoharibika, nayo yatageuka rangi ya zambarau. Kidonge cha namna hiyo kitupwe.

Lakini jambo kubwa zaidi ni malaria. Aspirini hutuliza maumivu na kushusha joto la mwili, wala haiui vijidudu vya malaria. Mzazi humwona mwanawe amepoa, akaahirisha safari ya zahanati, kumbe ugonjwa waendelea katika damu. Tena mtoto mwenye homa asipewe aspirini pasipo agizo la daktari, maana yaweza kumdhuru ini na ubongo. Apelekwe akapimwe damu siku ile ile.