Je, Wajua? Injini ndogo kwenye baiskeli, na mahali panapoifaa

Mkange iko mkoa wa Pwani, kwenye njia itokayo Bagamoyo kwenda Pangani na Tanga, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Huku baiskeli haina mapumziko: asubuhi inachota maji, mchana inabeba mazao, jioni inampeleka mgonjwa zahanati. Si ajabu kijana akitamani kuifungia injini. Swali la kwanza huwa, "Ina nguvu kiasi gani?" Swali linalookoa maisha ni jingine: itakaa wapi, na itashikwa na nini?

WALIOTANGULIA

Je, wajua kwamba pikipiki ya kwanza ya petroli iliunguza kiti chake yenyewe? Mwaka 1885, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach wa Ujerumani walifunga injini ya cc 264, yenye nguvu ya nusu farasi, kwenye fremu ya mbao. Waliisimamisha chini kabisa ya kiti. Novemba mwaka huo Paul, mtoto wa Daimler, alipoiendesha, kiti kilishika moto, kwa kuwa bomba la kuwashia mafuta, jekundu kwa joto, lilikuwa chini yake. Somo la kwanza la mahali pa injini likapatikana siku hiyo.

Je, wajua kwamba mota ya umeme ndani ya kitovu cha gurudumu si jambo la jana? Ogden Bolton wa Marekani alipewa hataza ya baiskeli ya aina hiyo Desemba 31, 1895. Mota aliiweka kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, na betri akaining'iniza katikati ya fremu. Baiskeli nyingi za umeme za leo bado zinafuata mpango huo.

Je, wajua nani aliyeishusha injini mahali pake? Ni ndugu wawili wenye asili ya Urusi waliokuwa wakiishi Paris, Michel na Eugène Werner. Mwaka 1897 walianza kuuza baiskeli yenye injini juu ya gurudumu la mbele. Uzito ulikuwa juu, usukani ukawa mzito, na barabara ikilowa tu chombo kiliserereka na kumwaga mtu. Mwaka 1901 wakaiteremsha injini hadi pale inapokaa ekseli ya pedeli, chini na katikati ya magurudumu mawili. Watengenezaji wengine wakawaiga. Nenda kijiwe chochote cha bodaboda, tazama pikipiki ya Boxer au TVS: injini iko palepale walipoiweka akina Werner.

Je, wajua kwamba Honda ilianzia kwenye baiskeli? Mwaka 1946, Japani ikiwa imechoka kwa vita na usafiri ni wa shida, Soichiro Honda alipata injini ndogo zilizokuwa za jenereta za redio za jeshi. Akazifunga kwenye baiskeli huko Hamamatsu, na chombo cha kuwekea maji ya moto ya kupashia kitanda akakigeuza tanki la mafuta. Mwaka 1958 kampuni yake ikatoa Super Cub, na kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100.

Je, wajua kwamba injini ya mbele nayo ilidumu miaka mingi? VéloSoleX ya Ufaransa iliuzwa kuanzia 1946, na kiwanda kilifungwa 1988. Injini yake ilikaa juu ya gurudumu la mbele na kulisukuma tairi kwa roli ya kusugua. Iliwezekana kwa sababu injini ilikuwa ndogo na mwendo ulikuwa wa kilomita 30 kwa saa au pungufu. Roli ya namna hiyo huteleza tairi likilowa, na hula mpira. Masika ya Pwani hayaielewi.

MEZANI KWA FUNDI

Je, wajua kwamba injini ya kit (seti ya vifaa vya kufungia injini kwenye baiskeli) inayouzwa kwa jina la cc 80 kwa kawaida ni cc 66? Piga hesabu mwenyewe: silinda ina kipenyo cha milimita 47 na pistoni husafiri milimita 38. Ni injini ya viharusi viwili, nyepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja. Imeundwa kukaa ndani ya pembetatu ya fremu, ikibanwa na vibano viwili: kimoja kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye kiti, kingine kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye usukani. Baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu haina pembetatu hiyo. Usiilazimishe.

Je, wajua kwamba tundu moja dogo linaweza kuvunja fremu nzima? Kibano cha mbele kisipoenea bomba, wapo wanaochukua drili na kutoboa fremu ili bolti ipite. Bomba la baiskeli ni jembamba na ndani ni tupu. Pale penye tundu ndipo ufa huanzia, na mtikisiko wa injini huukuza kila siku. Kibano kikigoma, tengeneza kipande cha chuma kinachozunguka bomba na kulikumbatia.

Je, wajua kwamba mpira laini chini ya injini unaweza kuleta balaa badala ya kuondoa mtikisiko? Kila injini inapovuta, cheni nayo inaivuta injini kuelekea nyuma. Ikikalia mpira laini inayumba, na ikiyumba bolti zinalegea na hatimaye kukatika. Kibano kinatakiwa kulishika bomba sawasawa, chuma kwa chuma au kwa kipande kigumu chembamba, na nati ziwe zile zenye plastiki ndani ili zisijifungue zenyewe.

Je, wajua kwa nini unapaswa kuhesabu spoku kabla ya kutoa hela? Sproketi kubwa ya nyuma inayokuja na kit hubanwa kwenye spoku kwa bolti 9, na imepangwa kwa gurudumu la spoku 36: gawanya 36 kwa 9, kila bolti inapata nafasi sawa. Baiskeli nyingi za zamani za mtindo wa Kiingereza zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Namba 40 haigawanyiki kwa 9. Bolti nyingine zitaangukia juu ya spoku, sproketi itakaa mshazari, na spoku zitaanza kukatika moja baada ya nyingine. Hapo dawa ni kutafuta gurudumu la spoku 36, au kitovu kilichotengenezwa kubeba sproketi chenyewe.

Je, wajua kwamba uzi wa kushonea ni kipimo cha kuaminika? Mtazame fundi anayejua kazi yake. Anaipindua baiskeli, anaunyoosha uzi kutoka sproketi ndogo ya injini hadi ile kubwa ya nyuma, kisha anafumba jicho moja. Uzi ukigusa meno ya pande zote mbili bila kukunjika, injini imenyooka. Ukipinda, analegeza vibano, anaisogeza injini kidogo na kupima tena. Halafu analizungusha gurudumu taratibu kwa mkono, mzunguko mzima, akiangalia kama cheni inakaza mahali na kulegea mahali pengine. Ikifanya hivyo, sproketi haijakaa katikati.

Je, wajua kwamba kifaa cha kukazia cheni kinaweza kulifunga gurudumu ghafla? Ile roli ndogo hufungwa kwenye bomba la chini la nyuma. Ikilegea huzunguka na kuingia kwenye spoku, na mwendeshaji huruka. Afadhali cheni ikatwe kwa urefu wake sahihi na roli iguse kidogo tu. Cheni iliyokaa vizuri hucheza kama sentimita 1 hadi 1.5 ukiibonyeza katikati.

Je, wajua kwamba gurudumu likizunguka mara moja, injini ya kit imeshazunguka karibu mara 18? Gia za ndani hupunguza mwendo kama mara 4.1, na sproketi ya meno 10 ikivuta ya meno 44 hupunguza mara 4.4 zaidi. Sproketi kubwa ya nyuma huongeza nguvu ya kupanda mlima na kupita mchangani, lakini hupunguza kasi. Kwa njia za Mkange nguvu ina faida kuliko kasi.

Je, wajua kwamba kabureta haipendi kulala? Ndani yake kuna boya linalopima mafuta. Injini ikifungwa imeinama mno, boya linadanganyika: mafuta yanafurika au yanakosekana. Tanki nalo lazima liwe juu ya kabureta, kwa kuwa petroli inashuka yenyewe bila pampu. Usisahau oili: mililita 40 kwa kila lita ya petroli ni uwiano wa 25 kwa 1, na injini mpya huhitaji oili zaidi ya hapo mwanzoni.

Je, wajua kwamba pedeli bado ina kazi? Kit nyingi hazina kiki. Unabana klachi, unapiga pedeli mpaka mwendo uchanganye, unaachia klachi, injini inashika. Kwa hiyo kabla ya kukaza bolti za mwisho, zungusha mikono ya pedeli uone kama haigongi injini wala bomba la moshi. Kumbuka pia kwamba kila ukiwasha hivyo vibano vinapigwa mshtuko. Vikague kila asubuhi.

MZIGO NA BREKI

Je, wajua kwamba biashara ya bodaboda ilianza kwa baiskeli? Ilikuwa mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960, abiria akikaa kwenye keria. Injini ilikuja baadaye, na ilikuja ndani ya pikipiki iliyoundwa kuanzia fremu hadi breki kwa kazi hiyo.

Je, wajua chukudu ya Goma inatufundisha nini? Mashariki ya Kongo, chombo hiki cha mbao chenye magurudumu mawili hubeba mamia ya kilo bila injini. Siri yake mojawapo ni ubao mrefu ulio karibu na ardhi, unaouweka mzigo chini na kati ya magurudumu. Mfungaji wa injini afuate kanuni hiyohiyo. Injini juu ya keria, halafu gunia la mkaa juu yake, hulifanya gurudumu la mbele liwe jepesi. Usukani uliokosa uzito haugeuzi chombo mchangani, na mlimani gurudumu hunyanyuka.

Je, wajua kwamba ukitoka mwendo wa kilomita 20 kwa saa kwenda 40, breki zina kazi mara nne, si mara mbili? Ndivyo nguvu ya mwendo inavyokua. Breki za vyuma za baiskeli ya kawaida ziliwekwa kwa mwendo wa miguu ya binadamu, na rimu ya chuma ikilowa hazishiki vizuri. Mwenye pesa ya injini atenge kwanza pesa ya breki: mpira mpya mbele na nyuma, nyaya nzima, rimu iliyonyooka.

Je, wajua kwamba chombo chenye injini kinakuingiza kwenye macho ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973? Barabara ya Bagamoyo kwenda Tanga ina mabasi na malori. Kabla hujaingia huko, waulize Mamlaka ya Mapato (TRA) na askari wa usalama barabarani kuhusu usajili na leseni, na uvae kofia ngumu hata kama safari ni ya dukani.

Je, wajua pa kuanzia? Usianze dukani kununua injini. Peleka baiskeli kwa fundi tupu ilivyo. Apime mabomba, ahesabu spoku, achunguze fremu kama ina ufa kwenye viungo, ajaribu breki. Fremu ikipita, nunua. Ikishindwa, akwambie bila kukuonea haya. Injini iliyokaa chini, katikati, imenyooka na imekazwa, hata ikiwa ndogo, itakufikisha shambani na kukurudisha. Ile kubwa iliyofungwa ovyo itakugharimu baiskeli, na pengine mguu.