Je, Wajua? Vita, Majasusi na Shaka Zilizofutwa

Je, wajua kwamba sentensi moja ya maneno 16 iliwagombanisha wanasiasa wa Marekani kwa miaka? Januari 28, 2003, Rais George W. Bush alilihutubia Bunge mjini Washington akasema serikali ya Uingereza imebaini kuwa Saddam Hussein, rais wa Iraq, alikuwa akitafuta urani kwa wingi barani Afrika. Nchi hakuitaja. Iliyokusudiwa ni Niger, ile ya Sahara yenye machimbo ya urani, wala si jirani yake Nigeria. Kabla ya miezi miwili kupita, mabomu yalikuwa yakianguka Baghdad.

Je, wajua kuwa baadhi ya nyaraka za biashara hiyo ya Niger zilikuwa za kughushi, na kwa uzembe mkubwa? Barua moja ya Oktoba 2000 ilikuwa na sahihi ya waziri wa mambo ya nje aliyekuwa ameacha wadhifa huo tangu mwaka 1989. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki halikuhitaji maabara kuligundua hilo. Machi 7, 2003, mkurugenzi wake, Mohamed ElBaradei wa Misri, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba nyaraka hizo si halisi. Vita vilianza hata wiki mbili hazijatimia.

Mwaka uliotangulia, CIA ilikuwa imemtuma balozi mstaafu Joseph Wilson kwenda Niamey, mji mkuu wa Niger, kuchunguza habari hiyo. Alirudi akisema haielekei kuwa kweli. Julai 6, 2003, aliyaandika hayo katika gazeti la New York Times, na kesho yake Ikulu ikakubali kuwa maneno yale hayakustahili kuwamo katika hotuba. Siku chache baadaye mwandishi wa safu Robert Novak akatangaza kuwa mke wa Wilson, Valerie Plame, ni ofisa wa CIA. Wademokrat wakasema hicho ni kisasi cha Ikulu. Warepublican wakasema Wilson ni mpinzani tu aliyependekezwa na mkewe kwa safari ile.

Kila upande una kurasa unazoziruka katika kisa hiki. Wademokrat huruka kwamba aliyemtajia Novak jina hilo kwanza alikuwa Richard Armitage, naibu waziri wa mambo ya nje, mtu asiyekuwa miongoni mwa mashabiki wa vita. Huruka pia ripoti ya Seneti ya 2004, iliyosema taarifa ya Wilson iliwaongezea wachambuzi wengi wasiwasi badala ya kuwapunguzia, maana waziri mkuu wa zamani wa Niger alimweleza juu ya Wairaki waliofika mwaka 1999 na ambao yeye alidhani walifuata urani. Warepublican nao huruka ile sahihi ya waziri aliyekwishaondoka, na huruka hukumu ya mahakama: Machi 2007, Lewis Libby, mkuu wa ofisi ya Makamu wa Rais Dick Cheney, alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki. Alipewa kifungo cha miezi 30. Bush alikifuta kabla Libby hajaingia gerezani, na Donald Trump akampa msamaha kamili Aprili 2018. Kwa kosa lenyewe la kufichua jina, hakushtakiwa mtu yeyote.

Je, wajua kuwa mwendesha mashtaka aliyemfikisha Libby mahakamani alikuwa na uhusiano na Nairobi na Dar es Salaam? Ni Patrick Fitzgerald. Alikuwa katika timu iliyoendesha kesi ya New York ambapo, Mei 2001, wanaume wanne walitiwa hatiani kwa milipuko ya Agosti 7, 1998, kwenye balozi za Marekani katika miji hiyo miwili. Watu 213 walikufa Nairobi na 11 Dar es Salaam, wengi wao raia wetu waliokuwa kazini au wakipita njia. Kabla ya siku hiyo, Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameiandikia Washington kwamba jengo lake la Nairobi halikuwa salama. Maonyo yaliyoandikwa yalikuwapo.

Tubaki hapo kidogo, kwa sababu kilichofuata kinaonyesha mabishano haya yakiwa yamepinduliwa. Agosti 20, 1998, Rais Bill Clinton alijibu milipuko hiyo kwa makombora. Mengine yalipiga kambi zilizohusishwa na al-Qaeda nchini Afghanistan, mengine yakateketeza kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum Kaskazini. Majasusi walisema sampuli ya udongo iliyochukuliwa karibu na kiwanda ilikuwa na kemikali ya kutengenezea sumu ya VX. Siku tatu tu kabla, Clinton alikuwa ametoa ushahidi mbele ya baraza la mashtaka kuhusu uhusiano wake na Monica Lewinsky. Safari hii rais alikuwa Mdemokrat, na waliouliza kama rais anatumia taarifa za kijasusi kujiokoa walikuwa baadhi ya Warepublican, akiwamo Seneta Dan Coats wa Indiana, ingawa Spika Newt Gingrich alimuunga mkono Clinton. Mei 1999 serikali iliachia fedha za mmiliki wa kiwanda ilizokuwa imezizuia, badala ya kuutetea ushahidi wake mahakamani. Haikuomba radhi. Wasudani walipoteza kiwanda kikubwa cha dawa, na hadi leo hawajaonyeshwa uthibitisho unaotosha. Msiba wetu ulitumika kuhalalisha shambulio hilo, kwa hiyo na sisi tuna haki ya kuuliza.

Dan Coats huyo huyo akawa Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa chini ya Trump. Julai 2018, Trump alipokutana na Vladimir Putin mjini Helsinki na kuonekana kuyatilia shaka matokeo ya mashirika yake mwenyewe kuhusu Urusi kuingilia uchaguzi, Coats alitoa tamko la kuyatetea. Wademokrat, ambao miaka 15 nyuma walikuwa mstari wa mbele kuihoji CIA, wakashangilia.

Je, wajua kwamba Trump aliwahi kuzomewa na Warepublican kwa kusema serikali ya Bush ilidanganya kuhusu silaha za maangamizi? Ni katika mdahalo wa Februari 13, 2016, huko Greenville, South Carolina, jimbo lenye wanajeshi wastaafu wengi. Wiki moja baadaye alishinda kura za mchujo za chama katika jimbo hilo hilo.

Sasa kwenye kiini. Oktoba 1, 2002, mashirika ya kijasusi yalikamilisha tathmini ya siri kuhusu silaha za Iraq, yenye kurasa zaidi ya 90, iliyoandikwa kwa wiki tatu hivi baada ya maseneta wa Democratic kuidai. Ndani yake mlikuwa na upinzani wa wazi. Ofisi ya ujasusi ya Wizara ya Mambo ya Nje haikukubali kuwa Iraq ilikuwa imefufua mpango wa nyuklia. Wataalamu wa Wizara ya Nishati, ndio wanaozijua mashine za kurutubisha urani, walisema mirija ya alumini iliyonunuliwa na Iraq haikufaa kwa kazi hiyo na kwamba yaelekea ilikuwa ya roketi za kawaida. Jeshi la Anga lilipinga madai kuhusu ndege zisizo na rubani.

Siku tatu baadaye wananchi walipewa toleo la wazi. Majina ya waliopinga hayakuwamo. Maneno ya tahadhari, yale ya kusema hii ni tathmini yetu wala si jambo tulilolishuhudia, yaliondolewa mahali pengi, na dhana zikasomeka kama taarifa kamili. Kamati ya Seneti ililithibitisha hilo mwaka 2004. Kwangu mimi hapa ndipo palipo na kosa zito kuliko yote ya kisa hiki. Watu wamebishana miaka 20 kama Bush alidanganya au alidanganywa, na swali hilo lina faida kwa vyama tu. Swali la mwananchi ni jingine: shaka iliyokuwa kwenye ukurasa wa siri ilikwenda wapi, na ni nani aliyeiondoa?

Je, wajua ni maseneta wangapi waliosoma zile kurasa za siri? Zilikuwa zimewekwa kwenye chumba chenye ulinzi, na yeyote kati ya maseneta 100 angeweza kwenda kuzisoma. Gazeti la Washington Post liliripoti mwaka 2004 kwamba hawakuzidi sita waliosoma zaidi ya muhtasari wa kurasa tano. Mmoja aliyesoma ni Bob Graham wa Florida, mwenyekiti wa Kamati ya Ujasusi. Azimio la kuruhusu vita dhidi ya Iraq lilipoletwa, alipiga kura ya hapana na kuwasihi wenzake wakasome.

Azimio hilo lilipita kwa kura 296 dhidi ya 133 katika Baraza la Wawakilishi, na 77 dhidi ya 23 katika Seneti. Wademokrat 29 wa Seneti waliunga mkono, wakiwamo Hillary Clinton, John Kerry na Joe Biden. Mrepublican mmoja tu, Lincoln Chafee, alipinga. Ndiyo maana Wademokrat waliposema baadaye kwamba wamedanganywa, Warepublican waliwaonyesha kura zao wenyewe.

Februari 5, 2003, Waziri wa Mambo ya Nje Colin Powell alilieleza Baraza la Usalama juu ya maabara za silaha za vijidudu zilizofungwa juu ya malori, huku mkurugenzi wa CIA, George Tenet, ameketi nyuma yake. Chanzo kikuu kilikuwa mkimbizi mmoja wa Kiiraki nchini Ujerumani aliyepewa jina la siri Curveball. CIA haikuwa imemhoji yenyewe. Ilitegemea taarifa za idara ya ujasusi ya Ujerumani. Mwaka 2011 aliliambia gazeti la Guardian kwamba alitunga, kwa sababu alitaka Saddam aanguke. Powell alikwisha kusema mwaka 2005 kwamba hotuba ile ni doa katika maisha yake ya kazi.

Uingereza nako? Septemba 2002 serikali ya Tony Blair ilichapisha waraka uliodai Iraq ingeweza kutumia silaha zake ndani ya dakika 45. Waraka wa pili, wa Februari 2003, ulikutwa umenakili makala ya msomi mmoja bila kumtaja. BBC iliposema waraka wa kwanza ulikolezwa chumvi, serikali ikaishambulia, na mtaalamu wa silaha Dk. David Kelly, aliyetajwa kuwa chanzo cha habari hiyo, alikutwa amekufa Julai 2003. Uchunguzi wa Jaji Hutton ulielekeza lawama nyingi kwa BBC, na mwenyekiti na mkurugenzi mkuu wake wakaondoka. Mwaka 2016 ripoti ya Chilcot, yenye maneno takriban milioni 2.6, ilihitimisha kuwa hukumu kuhusu silaha za Iraq ziliwasilishwa kwa uhakika usiostahili.

Je, wajua kuwa wanadiplomasia wa Kiafrika walilengwa kwa upelelezi ili vita vipate kura? Katharine Gun, mtafsiri katika shirika la usikilizaji la Uingereza, aliufichua ujumbe wa Januari 2003 ambamo Marekani iliomba msaada wa kuwasikiliza wajumbe wa nchi zisizokuwa na msimamo katika Baraza la Usalama. Zilizotajwa ni pamoja na Angola, Cameroon na Guinea. Alishtakiwa, kisha Februari 2004 upande wa mashtaka ukasema hautatoa ushahidi. Akaenda zake nyumbani huru. Namheshimu sana mama huyu.

Haya hayakuanzia Iraq. Agosti 1964 Bunge la Marekani lilimpa Rais Lyndon Johnson ruhusa ya kupigana Vietnam kwa sababu ya shambulio la pili lililodaiwa kufanywa dhidi ya meli za Marekani katika Ghuba ya Tonkin. Kura zilikuwa 416 kwa sifuri, na 88 kwa 2. Mwanahistoria wa NSA yenyewe, shirika la usikilizaji la Marekani, Robert Hanyok, alihitimisha kuwa shambulio hilo halikutokea na kuwa taarifa zilizonaswa zilipangwa zionyeshe limetokea. Utafiti wake ulitolewa hadharani mwaka 2005.

Wasomaji wa Lubumbashi watalikumbuka hili. Kamati ya Seneta Frank Church ilithibitisha mwaka 1975 kwamba CIA ilipeleka sumu Kongo mwaka 1960 kwa ajili ya kumuua Patrice Lumumba, ingawa haikukuta ushahidi kuwa shirika hilo lilihusika moja kwa moja na kuuawa kwake Katanga Januari 1961. Desemba 1975 mkuu wa CIA mjini Athens aliuawa, na watetezi wa shirika wakatumia kifo hicho kuwapiga vita wachunguzi, hali jina la marehemu lilikuwa limechapishwa na jarida, wala si na kamati. Warepublican wawili, John Tower na Barry Goldwater, hawakutia sahihi ripoti ya mwisho.

Desemba 2007 majasusi wa Marekani walisema Iran ilisimamisha mpango wa silaha za nyuklia mwaka 2003. Mara hiyo wahafidhina ndio walioona mashirika yanacheza siasa.

Na wafuasi wa kawaida? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland wa Oktoba 2004 ulikuta asilimia 72 ya waliomuunga mkono Bush bado wanaamini Iraq ilikuwa na silaha za maangamizi au mpango mkubwa wa kuzitengeneza. Mwezi huo huo, ripoti ya mkaguzi mkuu wa silaha Charles Duelfer, aliyetumwa na serikali hiyo hiyo ya Bush, ilikuwa imetangaza kuwa hakuna akiba yoyote ya silaha hizo iliyopatikana.

Kamati ya Ujasusi ya Seneti iliahidi mwaka 2004 kuchunguza viongozi walivyozitumia taarifa, lakini kazi hiyo ikasogezwa hadi baada ya uchaguzi, kisha ikasogezwa tena. Novemba 1, 2005, kiongozi wa Wademokrat Harry Reid alilazimisha Seneti ifunge milango na kukaa faraghani ili kudai imalizwe. Ripoti ilitoka Juni 5, 2008, kwa kura 10 dhidi ya 5, Warepublican Chuck Hagel na Olympia Snowe wakiungana na Wademokrat. Ilisema mengi ya waliyoyatamka viongozi kuhusu silaha yalitokana na taarifa za majasusi lakini yakaficha mabishano yaliyokuwamo, na kwamba yale waliyoyasema kuhusu ushirikiano wa Saddam na al-Qaeda hayakuungwa mkono na taarifa hizo. Kufikia siku hiyo wanajeshi zaidi ya 4,000 wa Marekani walikuwa wamekufa Iraq, na raia wa Iraq kwa makumi ya maelfu, naye Bush alikuwa amebakiza miezi saba na nusu madarakani.